Sarafu ya Kirumi haioshwi kwa siki

SWALI: Ninaishi Kent, Uingereza. Kwa idhini ya mwenye shamba, nimeokota sarafu ya shaba yenye kutu ya kijani karibu na magofu ya ngome ya Kirumi ya Richborough. Video moja inaelekeza kuiloweka katika siki na chumvi. Niiache humo kwa muda gani?

JIBU: Usiiloweke hata dakika moja. Kila mashamba yanapolimwa napokea swali hili, na mara nyingi sarafu huwa imeshaharibika. Hiyo unayoiita kutu ni shaba yenyewe iliyogeuka ikiwa ardhini, na aghalabu sura ya Kaisari na herufi za jina lake zimebaki katika ngozi hiyo ya kijani tu. Siki huiyeyusha, nayo chumvi huacha kloridi ambayo, ikipata unyevu wa hewa, hufanya asidi inayoendelea kuila shaba hadi unga wa kijani mpauko uchomoze katika vitundu vidogo. Wanaofundisha mbinu hizi hawatuonyeshi sarafu zao baada ya mwaka.

Linaloniudhi zaidi ni dhana kwamba thamani ya sarafu ni mng'ao wake. Richborough, ambayo Warumi waliiita Rutupiae, ndipo inapoaminika kwamba jeshi la Kaisari Claudius lilishuka mwaka 43 BK, ingawa leo bahari imesogea mbali. Uchimbaji wa kati ya 1922 na 1938 ulitoa sarafu zaidi ya 50,000, na ni wingi wa vijisarafu vya mwisho wa karne ya 4, ambavyo sokoni havina bei ya maana, uliotujulisha kwamba ngome ile ilikuwa na watu hadi miaka ya mwisho ya utawala wa Kirumi. Lau vingesuguliwa hadi visisomeke, tusingelijua hilo. Vivyo hivyo, anayefuata mlio wa kifaa chake cha kutafutia metali na kuchimba kupita udongo uliopinduliwa na jembe hukata tabaka lililotulia kwa karne nyingi, na hakuna maabara inayoweza kulirudisha. Akifanya hivyo bila kibali ndani ya eneo la kale linalolindwa, ametenda kosa la jinai.

Iache sarafu ilivyo, itie katika kifuko kikavu, andika mahali hasa ulipoiokota, kisha umpelekee afisa wa eneo lako wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa na watu. Sarafu moja ya shaba kwa kawaida si hazina kisheria, lakini zikifika kumi kutoka fungu moja, sheria ya hazina ya 1996 inakutaka utoe taarifa ndani ya siku 14.