Mkate mmoja hauna gharama moja: hesabu za kukusaidia kuamua kwenye biashara ya kuoka

Ule msemo wa mali bila daftari kila mtu anaujua, na wenye viwanda vidogo vya mikate wengi wanalo daftari. Tatizo ni kilichomo. Limejaa mauzo ya siku na madeni ya maduka, basi. Ukiliuliza swali lenye uzito, halina jibu: shule inataka mikate kwa shilingi 950, nikubali? Unga umepanda, nipandishe bei au nivumilie? Nioke mfuko wa tatu?

Maswali hayo yanajibiwa na gharama, lakini si gharama ileile kwa kila swali. Mkate mmoja unaweza kukugharimu 750, 800 au 1,078, na zote tatu zikawa sahihi. Anayekosea ni yule anayeshika moja na kuitumia kila mahali. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano, kwa hiyo weka za kwako. Vipimo ni vya mkate mweupe wa kawaida wa gramu 400.

Anza na mfuko mmoja, si mwezi

Chukua mfuko mmoja wa unga wa kilo 50 na uufuatilie kuanzia kwenye miksa mpaka mkate wa mwisho unapofungwa. Tuseme unaweka maji lita 29, sukari kilo 3, mafuta kilo 1.5, chumvi gramu 900 na hamira kavu gramu 500. Jumla ni kama kilo 85 za donge. Kiasi kidogo kitabaki kwenye miksa na mezani, kingine kitapungua donge likiumuka, kwa hiyo hesabu kilo 83. Mkate ukiwa ndani ya oveni unapoteza maji, kwa kawaida asilimia 10 hadi 13 ya uzito, ndiyo maana ili upate mkate wa gramu 400 unakata donge la gramu 455 hivi. Hapo mfuko unatoa mikate 182. Toa miwili ya kuungua au kukaa vibaya, unabaki na 180.

Sasa gharama za mfuko huo:

- Unga: 85,000
- Sukari: 9,000
- Mafuta: 9,000
- Hamira: 6,000
- Chumvi: 900
- Mifuko ya kufungia, 180 kwa shilingi 45: 8,100
- Umeme wa oveni: 17,000

Jumla 135,000. Gawa kwa 180, unapata 750 kwa mkate.

Umeme ndio wengi hubahatisha. Soma mita ya LUKU kabla ya kuwasha oveni na baada ya kutoa trei ya mwisho, kisha zidisha tofauti ya uniti na bei unayolipa. Fanya hivyo kwa siku nzima ya kazi, usipime mfuko wa kwanza peke yake, kwa sababu huo ndio unaobeba moto wa kupasha oveni iliyopoa. Ukiupima peke yake, utadhani kila mfuko unakula umeme mwingi kuliko ukweli.

Kuna sehemu moja pesa huvuja bila kelele: meza ya kukatia donge. Mkataji aliyezoea kukadiria kwa mkono akikata gramu 480 badala ya 455, kilo zilezile 83 zinatoa mikate 172 tu. Mikate 10 imeyeyuka kwa kila mfuko na hakuna aliyeiba. Mizani ya mezani inarudisha gharama yake haraka, ila isimame mahali donge linapokatwa, si ofisini. Kila asubuhi pima vipande kumi bila kuchagua, uandike wastani. Ukizidi 460, simamisha kazi mrekebishe.

Ya mwezi yakae pembeni

Pango, mishahara, mlinzi, leseni na matengenezo havijali kama umeoka mfuko mmoja au mitatu. Viweke kwenye ukurasa wake. Mfano: pango 400,000, mishahara 1,050,000, mlinzi 200,000, leseni na tozo 120,000, simu na matengenezo 130,000. Ongeza vitu viwili ambavyo watu huruka. Cha kwanza ni uchakavu wa oveni: iliyonunuliwa kwa 9,600,000 na kutarajiwa kufanya kazi miaka 8 inakula 100,000 kila mwezi, hata kama hakuna anayekuja kudai. Cha pili ni mshahara wako mwenyewe, tuseme 600,000. Usipouandika utauchukua vilevile, ila kidogokidogo kutoka kwenye droo, na huko ndiko kunakoitwa kula mtaji. Jumla ya mwezi ni 2,600,000.

Unauzia maduka kwa 1,100, na msambazaji anapata 50 kwa kila mkate uliouzwa. Kwa hiyo mkate uliofika kwa Mangi, mwenye duka, umekugharimu 800, na unabaki na 300. Hiyo 300 ndiyo mchango wa mkate: inalipa gharama za mwezi kwanza, faida inafuata. Gawa 2,600,000 kwa 300, unapata mikate 8,667 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni mikate 334 kwa siku.

Mifuko miwili inatoa 360. Ukiiuza yote, mwezi unakuachia 208,000 juu ya mshahara wako. Si nyingi, na inaonyesha jinsi ukingo ulivyo mwembamba.

Mikate inayorudi

Hapa ndipo viwanda vingi vidogo vinapofia, na daftari la mauzo halionyeshi kwa sababu mkate uliorudi haukuuzwa. Chukua marejesho ya asilimia 5, kiasi ambacho wengi wangekiona cha kawaida. Ni mikate 18 kwa siku. Kila mmoja umekula 750 zako na kukukosesha 300 ulizozitegemea, yaani matarajio yako yamepungua kwa 1,050. Mara 18, mara siku 26: 491,400. Ile faida ya 208,000 imegeuka hasara ya 283,400, na mifuko miwili imeokwa kila siku kama kawaida, watu wametoka jasho vilevile.

Watu huogopa kuishiwa kuliko kurudishiwa. Hesabu inasema kinyume. Ukikosa mkate wa kumpa mteja unapoteza 300. Ukioka usiouzwa unapoteza 750. Kwa hiyo mkate wa ziada una maana kuuoka pale tu uwezekano wa kuuzwa unapozidi 750 kwa 1,050, kama mara 7 kati ya 10. Ukiwa na mfugaji anayenunua mikate iliyolala kwa 300, kiwango kinashuka hadi mara 6 kati ya 10. Chini ya hapo, bora uishiwe. (Isipokuwa duka kubwa ambalo ukilikosesha siku mbili mfululizo linamkaribisha mwenzako. Hilo lipe mzigo wake kwanza kabla ya wengine.)

Ili utumie hesabu hii, msambazaji awe na karatasi yenye safu tatu kwa kila duka: iliyopelekwa, iliyorudi, iliyolipwa. Baada ya wiki tatu utaona kuwa marejesho hayasambai sawasawa. Mara nyingi maduka machache ndiyo yanayorudisha sehemu kubwa, na siku zinajirudia: mwisho wa mwezi, Jumapili, Ramadhani. Wapunguzie hao, usipunguze kwa wote.

Unga ukipanda

Mfuko ukitoka 85,000 hadi 92,000, ongezeko la 7,000 ukiligawa kwa mikate 180 ni shilingi 39. Mtu husema ni kidogo, nitavumilia. Lakini 39 haitoki kwenye 1,100, inatoka kwenye ile 300. Mchango umebaki 261, na sasa unahitaji mikate 9,962 kwa mwezi, yaani 384 kwa siku. Mifuko miwili haifiki. Kuvumilia hapa ni kufanya kazi kwa hasara, hata mikate yote iuzwe.

Ukipandisha bei kwa 50, mchango unakuwa 311. Swali zuri ni hili: naweza kupoteza wateja wangapi kabla ya kuwa pabaya kuliko nisingepandisha? Mikate 9,360 kwa 261 inaleta 2,442,960. Gawa kwa 311, unapata 7,855. Kwa hiyo unaweza kupoteza mikate 1,505 kwa mwezi, kama asilimia 16, na bado hujaumia zaidi. Ukiwajua wateja wako, utajua kama 50 inafukuza wengi kiasi hicho. Mimi naona ni nadra, hasa unga ukiwa umepanda kwa kila mwokaji.

Njia ya mkato ni kupunguza uzito kimyakimya huku lebo ikisema gramu 400. Wakala wa Vipimo hukagua bidhaa zilizofungashwa, na adhabu itakula zaidi ya 39 zako. Ukitaka mkate mdogo, chapisha lebo ya mkate mdogo.

Mkate au skonzi?

Fupi tu: oveni ikiwa imejaa, usilinganishe faida kwa kipande, linganisha kwa dakika ya oveni. Mkate unakuachia 300, pakiti ya skonzi 120. Lakini oveni inabeba mikate 60 kwa dakika 45, au pakiti 100 za skonzi kwa dakika 20. Mkate unaingiza 18,000 kwa dakika 45, yaani 400 kwa dakika. Skonzi 12,000 kwa dakika 20, yaani 600. Skonzi zinashinda, mradi zote ziuzwe siku hiyo. Oveni ikiwa na nafasi tupu, ulinganisho huu hauna kazi, oka vyote viwili.

Oda ya shule

Turudi kwenye ile 950. Shule inataka mikate 100 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, na inakuja kuichukua yenyewe. Ukigawa gharama za mwezi kwa mikate 9,360 unapata 278 kwa mkate. Jumlisha na 800, gharama kamili ni 1,078. Bila kamisheni ya msambazaji ni 1,028. Ukiishia hapo utasema 950 ni hasara na utaikataa oda.

Lakini pango na mishahara vimeshalipwa na mikate ya madukani. Oda ikija havitaongezeka. Kinachoongezeka ni 750 tu, kwa hiyo kila mkate unaleta 200, na mwezi unaleta 440,000. Ni zaidi ya mara mbili ya faida yote ya madukani.

Namba hiyo inasimama kwa masharti, na yachunguze kabla ya kusaini. Oveni iwe na saa moja na nusu tupu, kwa sababu mikate 100 ni mizunguko miwili. Ukilazimika kulipa 15,000 za muda wa ziada kila siku, 330,000 zimeondoka na umebaki na 110,000. Wanafunzi wasiwe ndio walewale waliokuwa wakinunua mkate wako kwa Mangi jirani, maana hapo unabadilisha mchango wa 300 kwa 200. Maduka yasijue bei hiyo na kuidai. Pia usiajiri mtu wa kudumu kwa ajili ya oda inayosimama kila likizo ya Juni na Desemba. Ukimwajiri, mshahara wake unakuwa gharama ya oda hiyo.

Sharti zito kuliko yote ni malipo. Shule ikitaka mali kauli, yaani ichukue sasa ilipe baadaye, ya siku 45, utakuwa umeoka siku kama 32 kabla ya kuona senti: mikate 3,200 kwa 750, shilingi 2,400,000 zimelala kwao. Kwenye karatasi unapata faida, mfukoni huna pesa ya unga wa kesho. Kama huna akiba hiyo, omba walipe kila Ijumaa hata kwa kuwapunguzia bei iwe 930. Utaacha 44,000 kwa mwezi, na pesa yako iliyoko nje haitazidi 375,000 kwa wakati mmoja. Wakikataa kabisa, chukua oda ya mikate 30 badala ya 100, kwa kiasi ambacho mtaji wako unaweza kusubiri.