Usipeleke Mzigo Shuleni Kabla ya Karatasi

Jumanne iliyopita kijana mmoja, fundi wa kuchomelea, aliniandikia ujumbe mrefu ulioanza kwa shikamoo na kuishia kwa swali. Mkuu wa shule moja ya sekondari alikuwa amempigia simu akimtaka apeleke seti 80 za viti na meza kabla wanafunzi wa kidato cha kwanza hawajaripoti, na alikuwa amemhakikishia kwamba karatasi zitafuata. Apeleke au asipeleke? Nilimjibu kwa neno moja, "Usipeleke," kisha usingizi ukanipaa, kwa sababu nilijua kwamba neno moja halimtoshi mtu aliyekwisha kukopa mabomba dukani. Haya ninayoandika hapa ndiyo jibu langu kamili kwake, na kwa kila fundi, mshonaji na mwenye duka anayetamani, kama nilivyotamani mimi, kuwa na shule za serikali miongoni mwa wateja wake.

Karakana yangu iko mkoani Iringa, mahali ambapo mbao za Mafinga zinafika zikiwa bado zinanuka utomvu. Kwa miaka mingi nilitengeneza vitanda na milango, na anayeijua kazi hiyo anajua kwamba mteja wa kitanda hulipa nusu, akaja kuchukua baada ya miezi miwili na kuomba apunguziwe hiyo nusu iliyobaki. Mwaka 2016, wakati Rais Magufuli alipozibana halmashauri zimalize uhaba wa madawati na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 zilizobanwa kwenye matumizi yake kwa ajili hiyo hiyo, nilipata oda yangu ya kwanza ya shule: madawati 60. Nililipwa yote, kwa hundi. Nilirudi nyumbani nikatembea kifua mbele mtaa mzima, nikajiita mzabuni, ingawa nilichokuwa nacho kilikuwa bahati tu. Miaka mitano iliyofuata haina la kusimulia.

Mwishoni mwa mwaka 2021 zikaja fedha za mpango wa UVIKO-19. Wasomaji wengi mnakumbuka pilikapilika zile: mkopo wa shilingi trilioni 1.3, vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, kila chumba kikitengewa shilingi milioni 20 pamoja na samani zake, na vyote vikitakiwa kuwa tayari muhula mpya unapofunguliwa. Shule moja, ambayo siitaji na wala halmashauri yake siitaji, ilinipa kazi ya madarasa mawili, yaani seti 100. Nilishindanishwa kwa nukuu za bei na mafundi wengine wawili, nikapewa LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza mzigo, yenye muhuri, nikapeleka mzigo, kamati ya mapokezi ikasaini na nikalipwa. Kazi ilikwenda kama inavyotakiwa kwenda, na huenda ndiyo maana nililewa.

Kisha, usiku mmoja wa Desemba, mkuu wa shule akanipigia simu. Fundi aliyepewa samani za chumba cha tatu alikuwa amekwama, mkuu wa wilaya alikuwa anakuja kukagua siku ya Ijumaa, na mtu aliyekuwa na mbao kavu za kutosha nilikuwa mimi. "Fundi, wewe lete hizo 50, karatasi tutazimalizia wiki ijayo. Si unanijua?" Nilimjua. Alikuwa mtu mwema, na mpaka leo siamini kwamba alikusudia kunidhulumu. Tulifanya kazi siku nne, usiku na mchana, vijana wangu wakilala juu ya maranda, na alfajiri ya Ijumaa nilishusha seti 50 nilizozipigia hesabu ya shilingi 60,000 kila moja. Shilingi milioni 3. Kila kiti kilikuwa na herufi mbili za jina langu chini ya kikalio, nilizozichoma kwa chuma cha moto, kwa maringo tu.

Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, na mwezi ujao mkuu yule akahamishwa. Nilimfuata aliyechukua nafasi yake nikiwa nimevaa shati la kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipeleka darasani, nikapindua kiti kimoja mbele yake na kumwonyesha herufi zangu. Akatikisa kichwa kwa huruma, tukarudi ofisini, akafungua leja na kuniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Mzee wangu, mimi nimekabidhiwa viti 150. Deni sikukabidhiwa."

Nilikwenda halmashauri mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alianza kunisalimu kwa jina. Kila ofisi iliuliza swali lile lile, LPO iko wapi, na kila ofisi ilikuwa na haki ya kuuliza. Aliyeniuzia mbao hakujua habari za leja. Yeye alitaka fedha yake, nami nikauza mashine yangu ya randa, ile niliyoinunua kwa jasho la madawati ya 2016. Mwaka mzima tulipiga randa kwa mkono. Mke wangu hakusema neno, na ukimya wake ulinichoma kuliko maneno.

Kwa hiyo, kijana wangu, elewa kwanza ni nani unayemuuzia. Tunasema "nimeiuzia shule" kana kwamba shule ni mtu mwenye mfuko. Mkuu wa shule hana fedha. Ana dhamana ya kuzitumia kwa utaratibu, na afisa masuuli, ambaye kwa halmashauri ni mkurugenzi, ndiye anayebeba jukumu la ununuzi mbele ya mkaguzi. Neno la mkuu wa shule kwenye simu, hata akiwa mlokole wa kuaminika namna gani, haliwezi kuwa deni la serikali. Fedha ya umma hulipa hati, na kiti kilichopokelewa bila hati kinahesabiwa kuwa mchango wako kwa elimu ya taifa, ingawa hakuna atakayekupa hata barua ya shukrani.

Jambo la pili ni kujua fedha inatoka wapi kabla hujapiga hesabu ya mauzo. Tangu Januari 2016, elimu ilipoanza kutolewa bila malipo, ruzuku ya uendeshaji hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kwa shule ya msingi kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni, kwa kuwa 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu mwenyewe: shule yenye wanafunzi 800 hupata shilingi milioni 4.8 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi, na hapo bado chaki, karatasi za mitihani, michezo na bawaba ya mlango wa choo. Mwalimu mkuu akikuagiza madawati 100 kwa fedha hiyo, ama hajapiga hesabu au anatarajia wewe usipige. Ruzuku inafaa kumuuzia vitu vidogo: shajala, vifaa vya usafi, ukarabati wa kufuli na vioo. Kazi kubwa hutoka kwenye miradi ya serikali ya kuboresha shule, kama SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, au kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na fedha za namna hiyo huwa na bajeti yenye mstari unaotaja samani. Uliza mstari huo. Mkuu wa shule mwenye fedha halali hataona vibaya ukimuuliza kazi hii inalipwa kwa fungu gani.

Hapo hapo niwaonye wenzangu wa biashara nyingine. Vitabu vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kusambazwa na serikali, kwa hiyo usijaze stoo yako ukitarajia shule ikununulie. Sare hununuliwa na mzazi. Shemeji yangu na kikundi chake cha kufuma masweta walihangaika mwaka mzima wakiandika barua kwa wakuu wa shule, wakati wateja wao walikuwa wanapita mbele ya kibaraza chao kila Jumapili.

Jambo la tatu ni mfumo. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma umehamia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa njia ya mtandao, na chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huo pamoja na Kanuni zake za mwaka 2024 hakuna tena zabuni ya kupewa bahasha mkononi. Hata shule zenyewe zimeingizwa humo. Najua mafundi wenzangu mnaogopa kompyuta. Mimi pia niliogopa, mpaka binti yangu aliponikalisha chini na namba yangu ya NIDA, TIN na leseni, akanisajili huku nikinywa chai. Chagua kwa uangalifu aina za biashara unazojisajilia, kwa sababu zabuni ya samani haitakufikia ikiwa umejiandikisha kama muuza vifaa vya ujenzi. Soma pia mpango wa ununuzi wa mwaka wa taasisi unayoilenga, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kitu kisichokuwamo kwenye mpango ni mazungumzo tu.

Nami niliyejifanya mwalimu wa haya yote, zabuni yangu ya kwanza kwenye NeST niliipoteza kwa aibu. Bei yangu ilikuwa nzuri, sampuli yangu ilikuwa nzuri, lakini leseni yangu ya biashara ilikuwa imekwisha muda siku nne kabla ya kufunguliwa kwa zabuni. Siku nne! Nilitaka kukata rufaa, maana ipo Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma kwa ajili ya wazabuni wenye malalamiko, lakini ningelalamikia nini? Kalenda? Tangu siku hiyo tarehe za leseni na za cheti cha uthibitisho wa kodi zimeandikwa kwa chaki ukutani, juu ya msumeno, mahali ambapo hata mteja anaziona.

Kwa vijana, akina mama, wazee na watu wenye ulemavu kuna mlango ambao wengi hawaubishi: sheria inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi haya maalumu. Vikundi hivyo vinaweza pia kukopa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Lakini sajilini kikundi cha kweli chenye kazi ya kweli. Nimeona vikundi vya majina matano na mwenye mali mmoja aliyejificha nyuma yao, na nimeona vinavyoishia.

Sasa nije kwenye malipo, ambako wengi hufa wakiwa wameshinda. Uwe na faili lenye LPO au mkataba, hati ya kupeleka mzigo iliyosainiwa, taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi, ankara na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na kila hati iwe na nakala nyumbani. Jua kwamba kwenye malipo ya bidhaa utakatwa asilimia 2 ya kodi ya zuio, na kwenye huduma asilimia 5, kwa hiyo usipige bei kama unayemuuzia jirani. Usichukue kazi ambayo mtaji wako hauwezi kuisubiri kwa miezi mitatu. Na atakayekuambia kwamba faili lako "limelala" na linahitaji kuamshwa kwa bahasha, liache lilale. Mimi nimelala njaa, lakini TAKUKURU hawana jina langu, na hilo nalisema kwa kujivuna.

Tena, ndugu zangu, tengenezeni kitu cha maana. Kwenye shule moja mwaka jana, kamati ya mapokezi ilikuwa na mama mmoja, mkulima wa viazi, mzazi wa mtoto wa kidato cha pili. Wajumbe wengine walihesabu mistari na kutaka kusaini. Yeye alivua kanga ya begani, akaanza kukalia kila kiti, kimoja baada ya kingine, akijitikisa kushoto na kulia. Kwenye cha 31 alisimama na kukisogeza pembeni bila kusema kitu. Nilikipindua nikakuta mbao ya mkaratusi iliyokuwa mbichi imepinda na kung'oa skrubu. Nilikibadilisha siku hiyo hiyo, na tangu hapo viti vyote vinavyotoka karakana yangu hukaliwa kwanza na kijana mnene kuliko wote tulionao. Anaona ni utani. Mimi naona ndiye mkaguzi wangu mkuu.

Kijana wangu wa Jumanne amenijibu juzi. Alimwomba mkuu wa shule LPO kwa adabu, akaambiwa kwamba basi, atatafutwa fundi mwingine asiye na maswali. Ana uchungu, na mabomba ya mkopo bado yamelala uani kwake. Nimemwambia anitumie vipimo, huenda nikayanunua.

Ile shule ya viti 50 haikunilipa hadi leo. Ila mwezi Mei mwaka uliopita, shule hiyo hiyo ilitangaza kazi ya kukarabati viti 40 vilivyochoka, nami nikaomba kama wengine, nikashinda, nikasubiri LPO mpaka ikatoka. Walipovishusha karakanani nilivipindua kimoja kimoja. Ishirini na mbili vilikuwa na herufi zangu. Nilikaza skrubu, nikabadilisha vikalio vilivyopasuka, nikavipiga vanishi na kuvirudisha, na ndani ya siku 26 fedha ilikuwa kwenye akaunti. Vikalio vipya sikuvichoma herufi.