Kabla ya Kuitisha Mkutano, Tazama Mwezi

Mkutano wa kwanza nilioitisha kijijini kwa mama yangu ulihudhuriwa na wazee watatu, fundi baiskeli aliyekuwa akipita njia, na kuku. Nilikuwa nimeuweka Jumanne, saa nne asubuhi. Ajenda niliiandika kwa wino wa rangi mbili: kikundi cha kuweka na kukopa, na mahali pa kulelea watoto wadogo. Nilingoja mpaka adhuhuri, nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira.

"Wanawake wa huku hawataki maendeleo," nikamwambia mama.

Yeye alikuwa anajisuza chumvi miguuni. "Mwanangu, jana usiku mwezi uliuona?"

Ulikuwa umejaa pomoni. Na mimi, mtoto niliyezaliwa pwani ya kusini mashariki ya Unguja, nilikuwa nimekaa mjini miaka mingi hata nikasahau kwamba mwezi ukiandama au ukikomaa, bamvua imeingia, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa. Siku hizo maji yetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na ndipo mashamba ya mwani yanapofikika kwa miguu. Mwani ulianza kulimwa kibiashara huku mwaka 1989, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Mwenye kamba zake za mwani baharini hawezi kuiacha bamvua ipite kwa ajili ya ajenda yangu ya wino wa rangi mbili. Akiikosa, atangoja maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, yapite, na mwani uliokomaa hukatika ukachukuliwa na mawimbi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuanzisha jambo na kina mama wa pwani ni huu: kwanza jua kila mama yuko wapi, saa ngapi. Mengine yote niliyojifunza yametoka hapo. Sisi sasa tukikutana siku za bamvua, tunakutana saa kumi, baada ya sala ya alasiri. Saa hiyo maji yamejaa, hakuna aliye baharini.

Jambo la watoto ndilo lililonichoma zaidi, maana mimi ni mwalimu. Tulikuwa tunalalamikia utoro. Siku moja nikachukua daftari la mahudhurio nikaliweka kando ya kalenda yenye miandamo ya mwezi. Alama za kutokuwepo zilikuja kwa mafungu, mara mbili kila mwezi, na nyingi zilikuwa za wasichana. Hawakuwa watoro. Saa nne ya bamvua ndiyo hiyo hiyo saa ya masomo, na mama akishuka pwani lazima mtu abaki na mdogo wa mgongoni. Huyo mtu ni dada mwenye miaka tisa.

Tusingeweza kuhamisha bahari, wala ratiba ya skuli. Lakini kijiji kina mabibi ambao magoti yao yamekataa bahari. Tukapata baraza pana lenye kivuli, mikeka, sufuria la uji na mtungi wa maji, na mabibi wawili wakawa wanakaa na watoto siku za bamvua tu. Hatukujenga chochote. Kuna jamaa waliotaka kutujengea chumba chenye bango; tulipowaambia tunahitaji unga na sukari kwanza, hawakurudi.

Hapa nilikosea mara ya pili. Niliwaomba mabibi wajitolee. Bamvua ya kwanza walikuja, ya pili akaja mmoja, ya tatu wote wawili "wakaumwa." Walikuwa na haki. Mama anarudi na magunia yake, bibi anarudi na masikio yanayovuma kwa vilio vya watoto. Tukakubaliana kila mama atoe kidogo, mabibi wapewe chao siku hiyo hiyo, mkononi. Tangu hapo hawajaumwa. Kwa hiyo usiijenge kazi ya kulea juu ya neno "kujitolea," hasa pale ambapo wanaoambiwa wajitolee ni wanawake peke yao.

Kuhusu sanduku la akiba, mambo ya kawaida mtayasikia kila mahali: kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali, fedha zihesabiwe mbele ya wote. Hayo yafuateni. Lakini tulifundishwa pia kutia hisa, yaani fungu la akiba, kila wiki, na hilo likatushinda. Mwani hukaa majini kama wiki sita, kisha uanikwe, kisha mnunuzi aje na mizani yake siku anayotaka yeye. Mama hana fedha kila Jumamosi. Tukahamishia hisa siku za bamvua, na anayekosa safari hii hatozwi faini, anajazia ijayo. Riba nayo ilileta mzozo, wengine wakasema haramu hawaigusi. Tukaiondoa. Mkopaji anarudisha alichochukua, na kila mmoja anachangia kitu kidogo cha uendeshaji, awe amekopa au hakukopa. Sanduku linakua polepole, lakini hakuna aliyejitoa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa lini tuvunje sanduku, yaani tugawane akiba. Wengi walitaka kabla ya Idi, mimi nikashikilia Januari kwa ajili ya sare na madaftari. Idi hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, Januari haiendi popote. Mwishowe tukaweka kopo la pili, la skuli tu, halifunguliwi kwa nguo za sikukuu hata uje na machozi. (Mimi mwenyewe nilijaribu. Nilikataliwa.)

Na mkiletewa mradi mpya, ulizeni ni mwili wa nani utakaoufanya. Mwani wa aina ya cottonii, wenye bei nzuri kuliko ule wa aina ya spinosum, umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi yanayozidi kuwa moto. Mtafiti Flower Msuya na wenzake wamefanyia kazi njia za kuulima kwenye maji marefu zaidi, kwa nyavu zenye umbo la mirija. Ni jambo zuri. Lakini huko kunataka chombo, na wengi wetu hatujui kuogelea, kwa kuwa tulikua tukiambiwa kuogelea ni kwa wavulana. Kikundi chetu kilipojadili habari hiyo, jambo la kwanza walilotaka wanawake lilikuwa mtu wa kuwafundisha kuelea, na awe mwanamke, na mabinti zao wafundishwe nao.

Tumempata. Masomo ni saa kumi, maji yakijaa. Mama yangu amesema yeye atakaa barazani awatazame, ila kanga ya kuingilia majini amekwisha kuitenga.