Babu wa mumeo na Lancaster iliyopotea

Dada, umeuliza utajuaje yaliyoipata Lancaster ya babu wa mumeo, ile ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jina lake kuwa kwenye mnara wa Runnymede, ule wa kumbukumbu ya wanaanga waliopotea, kule Uingereza, maana yake kaburi halijulikani tu. Ndege yenyewe inaweza kujulikana vizuri kabisa. Pale kuna majina zaidi ya 20,000 ya namna hiyo.

Chukua kikosi na tarehe ya kifo kwenye tovuti ya CWGC (Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola), kisha tafuta daftari la kila siku la kikosi hicho. Madaftari hayo yamo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Kew, London, kwenye mfululizo wa nyaraka uitwao AIR 27. Utakuta mstari wa ndege yake: namba ya ndege, mara nyingi herufi mbili na tarakimu tatu, majina ya wote waliokuwemo, kwa kawaida saba, na saa waliyoruka. Mahali pa saa ya kutua huwa hakuna kitu, au maneno machache tu kwamba haikurudi. Nilipomsomea mzee mmoja ukurasa wa kaka yake, nafasi ile tupu ndiyo iliyomliza.

Ila angalia tarehe. Walikuwa wakiruka usiku, kwa hiyo aliyeandikwa kufa tarehe 16 huenda yuko kwenye ukurasa wa 15. Wengi hukwama hapo wakadhani karatasi imepotea.

Ukishapata majina ya wenzake, watafute nao mmoja mmoja CWGC. Hata mmoja akiwa amezikwa, tuseme kwenye makaburi ya vita ya Reichswald kule Ujerumani, umeshapata fununu ndege iliangukia upande gani.