Maswali ya Wasomaji: Pikapu ya Kila Siku na Tela la Msimu

Swali kutoka Iringa

Ndugu Mhariri, ninaishi Iringa mjini na ninalima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Siku za kawaida huwapeleka watoto shule kisha huenda kazini, safari isiyozidi kilomita 6. Wakati wa msimu, mara mbili au tatu kwa mwezi, hukodi pikapu ya jirani ili ivute tela langu la magurudumu mawili, nililotengenezewa na wachomeleaji wa hapa mjini. Hushuka nalo Mlima Kitonga likiwa na mifuko 15 ya mbolea, na baadaye hupanda nalo likiwa na magunia 15 ya vitunguu. Sasa ninataka pikapu yangu mwenyewe. Nimeonyeshwa tatu zilizotumika: Toyota Hilux dabo kebini yenye injini ya lita 2.4, Ford Ranger ya 3.2 na Land Cruiser 79 ya 4.2. Fundi wangu ananishauri nichukue yenye injini kubwa kuliko zote. Je, yuko sahihi?

Jibu

Ndugu msomaji, kabla ya kuzungumzia injini, naomba tuhesabu uzito, kwa sababu ndio utakaoamua mengine yote. Magunia 15 ya kilo 100 ni kilo 1,500. Lakini sote tunajua vitunguu hufungwaje: ikiwa magunia yako ni ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo, na kila moja lina kilo 130, mzigo umefika kilo 1,950. Ongeza tela lenyewe, ambalo kwa chuma kinene cha kuchomelea linaweza kuwa na kilo 500 likiwa tupu, na utaona kwamba unapanda Kitonga ukivuta karibu kilo 2,450 huku moyoni ukiamini kuwa ni 2,000. Lumbesa humpunja mkulima sokoni, na barabarani humtia hatarini pamoja na watu asiowajua. Pima gunia moja moja kwenye mizani ya mnunuzi, na utafute mahali pa kulipima tela likiwa tupu, kabla hujalipa hata shilingi moja ya pikapu.

Jambo la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo hukuligusa katika barua yako: breki za tela. Watengenezaji wengi wa pikapu za aina hii huruhusu tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750, hesabu hiyo ikiwa ni ya tela na mzigo wake kwa pamoja. Lenye breki huruhusiwa kufika kilo 2,500 hadi 3,500, kutegemea mwaka, toleo na soko ambalo gari lilitengenezewa. Tazama basi safari yako ya kushuka, ambayo huenda unaiona kuwa ndiyo nyepesi: mifuko 15 ya mbolea ya kilo 50 ni kilo 750, na pamoja na tela zinakuwa 1,250. Tayari umevuka kikomo hicho kwa kilo 500, tena mteremkoni, penye kona kali na malori mbele na nyuma yako. Injini ya lita 4.2 haitabadilisha hesabu hiyo hata kidogo, kwa kuwa kinachohitajika pale ni kusimama.

Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike kwenye tela. Omba lifungwe ekseli yenye breki na kiungio cha msukumo, yaani kile ambacho, pikapu inapopunguza mwendo, tela husukuma mbele na msukumo huohuo hukaza breki zake bila kuhitaji nyaya wala mitambo ndani ya gari. Liwe pia na mnyororo wa usalama unaoliunganisha na pikapu iwapo kiungio kitachomoka, pamoja na taa za breki zinazowaka kweli. Kazi hiyo apewe mtu anayeielewa, si kila mwenye mashine ya kuchomelea.

Sasa tuje kwenye injini. Fundi wako anazungumza kwa uzoefu wa miaka ambayo ukubwa wa injini ulikuwa kipimo cha kutosha, na simlaumu. Hata hivyo, injini ya dizeli ya 4.2 iliyomo katika Land Cruiser nyingi za aina hiyo, ijulikanayo kama 1HZ, haina turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, na nguvu yake ya msokoto, ambayo ndiyo hung'oa mzigo kutoka ulipo na hupimwa kwa nyutoni-mita (Nm), ni takriban Nm 285. Injini ya 2.4 ya Hilux za kuanzia mwaka 2015 ina turbo na katika matoleo mengi hutoa Nm 400. Ile ya 3.2 ya Ranger hutoa takriban Nm 470. Tena unapanda kutoka Ruaha Mbuyuni, kwenye mwinuko wa takriban mita 500, hadi Iringa iliyo juu ya mita 1,500, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Sifa ya Land Cruiser 79 ni fremu nene, springi ngumu na injini inayovumilia matunzo hafifu. Kwa anayeishi porini hizo ni sifa kubwa. Kwa anayepeleka watoto shule kila asubuhi, ni gari linalorusha abiria likiwa tupu na kunywa mafuta mengi pasipo sababu.

Kati ya Hilux na Ranger, ninakushauri Hilux, ingawa Ranger ndiyo itakayopanda Kitonga kwa urahisi zaidi. Unavuta tela siku chache za msimu, lakini gari utaliendesha kila siku ya mwaka, na Hilux utaipatia vipuri na fundi anayeizoea karibu kila mji utakaopita. Ningebadili mawazo endapo Ranger hiyo ingekuwa na kumbukumbu kamili za matengenezo na ungekuwa na fundi anayeijua vyema. Kwa gari lolote kati ya hayo mawili, uliza kama lina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, kwani magari mengi ya dizeli yaliyouzwa kwanza Ulaya huwa nacho. Kichujio hicho hujisafisha injini inapokimbia kwa muda ikiwa na joto la kutosha, na safari zako za kilomita 6 haziwezi kukipa nafasi hiyo. Kikiziba, gharama yake ni kubwa.

Mzigo upangwe ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ilale kwenye kiungio. Kwa kilo 2,000 hizo ni kilo 200, nazo huhesabiwa ndani ya uzito ambao pikapu inaruhusiwa kubeba, pamoja na abiria na vilivyomo bodini. Magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, tela huanza kuyumba mwendo unapoongezeka, na likishaanza ni vigumu kulituliza. Mlimani, teremka kwa gia ndogo tangu juu kabisa, kabla breki hazijapata joto.

Swali kutoka Singida

Nitajuaje kama pikapu iliyotumika ilikuwa ikivuta mizigo mizito?

Jibu

Lala chini ya gari kabla hujawasha injini. Tazama fremu mahali springi za nyuma zinaposhikiliwa na pale kiungio cha tela kilipofungwa: nyufa, alama mpya za kuchomelea au rangi iliyopakwa sehemu hiyo peke yake ni sababu ya kuondoka. Kiungio kikiwa kimetolewa, matundu ya bolti na waya za taa za tela hubaki. Fungua kifuniko cha mafuta ya difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, na unuse. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yanaonyesha kuwa difu ilifanyishwa kazi kupita kiasi. Kisha tafuta mlima, simama katikati yake na uondoke kwa gia ya kwanza: kama mlio wa injini unapanda na gari halisogei, klachi imekwisha. Ikiwa gari ni la otomatiki, chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi kama kipo, na uyakatae mafuta yenye rangi ya kahawia iliyokolea, hata kama muuzaji anakuahidi kuyabadilisha siku hiyohiyo.