Programu ya kuandikia kodi (code) ya Linux tu: mnunuzi ni nani?

Mkuu, umeuliza kama italipa ukitengeneza programu ya kuuza, ya kuandikia kodi (maandishi ya kuundia programu), ya Linux peke yake, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu huko ushindani ni mdogo kuliko Windows. Mimi nipo Mwanga, Kigoma, naandika programu za maduka na Linux ndiyo natumia kila siku. Ya Linux peke yake haitalipa.

Borland, kampuni ya zana za maprograma, walishajaribu. Mwaka 2001 walitoa Kylix, yaani Delphi, zana yao ya kuundia programu za Windows, ila ya Linux, na toleo la chini la kulipia likauzwa dola 999. Kylix 3 ikatoka 2002, ikawa ndiyo ya mwisho. Delphi ilirudi Linux mwaka 2017, tena kwa ajili ya programu za seva. Maprograma wa Linux hawakuwa haba, ila mtu wa huko ana GCC ya kugeuza kodi kuwa programu, iliyopo tangu 1987, ana Vim na Emacs za kuandikia, vyote bure. Kumuuzia zana ni kama kuleta mawese Kigoma. Huo ushindani mdogo unaouona ni bei ya sifuri.

Wanaouza wapo, lakini tazama wanavyouza. JetBrains na wenye Sublime Text, wanaouza programu za kuandikia kodi, wanatoa programu ileile kwa Windows, Mac na Linux, kwa hiyo mtu wa Linux kwao ni nyongeza. Docker nao mwaka 2021 walianza kuzitoza kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka zinazotumia Docker Desktop, zana ya kufungashia na kuendeshea programu. Mwanafunzi wakamwacha atumie bure. (Angelipa na nini?)

Huku kwetu naliona hilohilo. Vijana wananiletea laptopu za mtumba zilizoelemewa na Windows, nawawekea Linux, wanashusha VS Code, programu ya bure ya kuandikia kodi, na kilio chao kinabaki kwenye bando. Sijasikia hata mmoja akiulizia bei ya programu ya kuandikia kodi. Ila mfanyabiashara wa dagaa ambaye hata hajui kompyuta yake ina Linux ananilipa kila mwezi, ilimradi umeme ukikatika hesabu zake zisipotee.

Kinachonitesa mimi ni kufikisha matoleo mapya kwa wateja wa Kasulu na Kibondo. Intaneti inakatika katikati ya kushusha, programu inabaki nusu mpya nusu ya zamani, napanda gari na flashi mfukoni. Tengeneza zana inayotuma mabadiliko tu, inayoendelea pale ilipoishia, na inayorudisha toleo la zamani likitokea la kutokea. Hiyo nailipia, na bei naipandisha kwa mteja wangu bila yeye kulalamika, maana nauli ya kunileta anailipa yeye.

Hiyo uliyoanza umeiandika kwa kutumia zana gani? Kama ni Qt, zana ya kuundia programu za mifumo mbalimbali, kuipeleka Windows si kazi ya kutisha, ila soma leseni yake kwanza kabla hujaanza kuuza.