Nasinzia kwenye daladala, kitandani nakodoa macho

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, watoto wawili, naishi Chanika na nauza duka la vitambaa Kariakoo. Naamka saa kumi na nusu alfajiri: nichemshe maji, nipike uji, ninyooshe sare, halafu nikimbilie kituoni. Jioni nasinzia kwenye daladala mpaka konda ananiamsha, lakini nikipanda kitandani usingizi unapotea. Hadi saa tano na nusu niko kwenye simu, au naongea na mume wangu habari za ada. Siku hizi nawafokea watoto kwa kumwaga maji tu, na juzi nimelia dukani kwa sababu hesabu ilipungua shilingi 3,000. Nimeanza kumeza Piriton ili nilale. Naomba dawa ya msongo wa mawazo.*
*Mama Wawili, Chanika*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya dawa tupige hesabu. Saa tano na nusu usiku mpaka saa kumi na nusu alfajiri ni saa 5. Mtu mzima anahitaji 7 au zaidi. Kila usiku unajikopa saa 2, na wanaolipa deni ni hao watoto.

Usipolala vya kutosha, amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, hushtuka kwa jambo dogo, na sehemu ya mbele ya ubongo inayopaswa kuituliza huchelewa kufanya kazi yake. Nayo kotisoli, homoni ya msongo ambayo kwa kawaida hushuka jioni, hubaki juu. Ndiyo maana umechoka hoi na bado moyo uko mbio. Kulala hakutalipa ada, hilo tusidanganyane. Ila shilingi 3,000 zitarudi kuwa shilingi 3,000.

Mshitakiwa wa kwanza ni usingizi wa daladala ya jioni. Tangu unapoamka, mwilini hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, na ndiyo inayokuletea usingizi usiku. Ukisinzia nusu saa, saa kumi na mbili jioni, umeshaitumia sehemu yake, ukifika kitandani haitoshi. Basi lala kwenye daladala ya asubuhi, mkoba umeukumbatia. Huo hauna madhara. Ya jioni kaa dirishani, piga soga na jirani, ukizidiwa simama. Dukani ukipata nafasi, jiegeshe dakika 20 kabla ya saa tisa alasiri, na uweke kengele, maana ukipitiliza utaamka mzito kuliko ulivyolala.

Hukuniambia unakunywa nini. Nakisia kuna chai ya rangi na chakula cha usiku, na pengine soda ya kola au kinywaji cha kuongeza nguvu pale foleni inapokolea. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye vinywaji hivyo, huizuia hiyo adenosini isifanye kazi, na baada ya kama saa 5 nusu yake bado iko mwilini. Kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana. Usiku chemsha mchaichai. Tangawizi nayo ni sawa, mradi usitie majani ya chai, kwani wengi husema wamekunywa tangawizi tu kumbe majani yamo.

Sasa saa za kulala. Usikurupuke leo ukapanda kitandani saa tatu. Utagaagaa mpaka uchukie kitanda chenyewe. Anza na saa tano na robo, kaa hapo siku 4, kisha rudisha dakika 15 nyingine, hivyo hivyo mpaka saa nne. Ni kama siku 24. Wiki ya kwanza utajiona umechoka zaidi, usikate tamaa. Jumapili usilale mpaka saa nne asubuhi ukidhani unafidia. Saa ya mwili itasogea na usiku wa kuamkia Jumatatu utakesha. Ongeza saa moja tu.

Ukilala saa nne, bado unapata saa 6 na nusu. Nusu saa iliyobaki anayo baba watoto. Sare za wiki nzima zinyooshwe Jumapili, naye achemshe maji na kukoroga uji, wewe uamke saa kumi na moja. Mwambie mchana mkiwa mmetulia, usimwambie kwa hasira alfajiri.

Habari za ada zitoke chumbani. Zipangieni siku, mfano Jumamosi kabla ya chakula cha jioni, na daftari mezani. Kila usiku, kabla ya kuzima taa, andika kwa dakika 5 mambo ya kesho: nauli, mzigo wa dukani, kikao cha shule. Jambo lililoandikwa halikuzungushi kichwani. Simu ichajiwe sebuleni kuanzia saa tatu na nusu. Kama ndiyo kengele yako, nunua saa ya mezani. Na ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, usiendelee kupigana nao. Toka, kaa kwenye taa hafifu, kunja nguo, rudi macho yakiwa mazito. Usitazame saa.

Piriton iache. Ni dawa ya mzio. Mwili huizoea upesi usingizi usije tena, huku uzito wake ukikufuata mpaka asubuhi, nawe una hesabu za watu mkononi.

Muulize mume wako kama unakoroma halafu pumzi inakatika kidogo na kurudi kwa kishindo. Kama ndiyo, nenda hospitali, kwa maana hapo hata saa 9 za kulala hazitakutosha. Nenda pia ikiwa usingizi unakukimbia usiku 3 au zaidi kwa wiki na imefika miezi 3, au kama huzuni imekukalia karibu kila siku kwa wiki 2. Wazo la kujidhuru likija, nenda siku hiyo hiyo, usiende peke yako. Chukua daftari lenye wiki 2 za kumbukumbu: saa uliyopanda kitandani, saa uliyoamka, mara ulizoshtuka usiku, na ulichokunywa baada ya mchana. Daktari atayauliza hayo kwanza.